Maneno Mia Tano ya Kumfukarisha Baba

Kila mwaka mvua za vuli zinapokaribia, walimu vijana huanza kunitafuta. Wapo wanaopiga simu, na wapo wanaokuja mpaka kibarazani kwangu Mafiga, huku mjini, wakiwa na bahasha ya nakala za vyeti, ingawa siku hizi maombi yote hutumwa kwa mtandao na mimi sina kazi na vyeti vya mtu. Wanataka kwenda ng'ambo kusomea shahada ya uzamili ya elimu ya kimataifa, kama mimi. Mke wangu akiwaona wanavua viatu mlangoni husema kwa sauti ya chini, "Haya, mgonjwa mwingine huyo kwa mganga," kisha anawawekea chai.

Kwa miaka kadhaa nilikuwa mganga mwenye majivuno. Nilikaa kwenye kiti changu, nikaegemea nyuma, nikasema maneno kama "muktadha" na "mtazamo linganishi" mpaka chai ya watu ikapoa. Nilipenda hasa pale mgeni alipotoa daftari na kuandika ninachosema. Sasa nimebadilika kidogo. Bado naegemea nyuma, lakini kabla ya mengine yote huwasimulia habari ya kipande cha shamba nilichokiomba kule mlimani kwetu, maana sina ushauri mwingine unaoizidi hiyo.

Niseme kwanza shahada yenyewe ni kitu gani, kwa sababu wa kwanza kutoielewa nilikuwa mimi. Nilikuwa mwalimu wa jiografia katika sekondari ya kata, na nilidhani elimu ya kimataifa ni kujifunza kufundisha zile shule zenye bwawa la kuogelea, ambako watoto wanaletwa na magari na mwalimu anapewa nyumba. Baba mkwe wangu aliwaambia majirani kwamba nakwenda kusomea ubalozi. Hakuna aliyepatia. Tulichosoma ni jinsi nchi zinavyoazimana mipango ya elimu, nani anatoa hela na nani anatoa amri, na kwa nini mpango uliong'aa kwenye karatasi unakufa kimyakimya ukifika kwenye darasa la watoto themanini na chaki moja. Ni somo zuri. Lilinifumbua macho, na mtu akiniuliza kama aende, namwambia aende.

Ila lilinipa na ugonjwa. Darasani kwetu ng'ambo nilikuwa Mwafrika peke yangu, na kila mjadala ulipofika pagumu wenzangu walinigeukia mimi. "Nchini kwenu watu wanalionaje hili?" Mtu mwenye akili zake angesema hajui. Mimi nilikohoa kidogo, halafu nikajibu kana kwamba nimetoka kuongea na Watanzania wote kwenye simu asubuhi hiyo. Nao waliandika. Nadhani hapo ndipo nilipoanza kupenda watu wenye madaftari.

Niliporudi, mkuu wa shule hakujua anitumieje, akanipa kazi ya kupokea wageni. Kila gari la mradi lilipoingia getini niliitwa kutoka darasani. "Mwalimu, njoo, watu wako wamefika." Mara nyingi watu wangu hao walikuwa wametoka Dodoma.

Lakini tuje kwenye insha, kwa sababu mwombaji yeyote lazima apite hapo. Kila chuo kinataka ujieleze: wewe ni nani, umetoka wapi, kwa nini wakuchukue wewe wamwache mwingine. Maneno mia tano, yasizidi. Nilikaa na kazi hiyo wiki mbili. Nilikuwa nimetoka wapi? Nilizaliwa kijiji cha misheni kule juu Uluguru, kwenye nyumba ya matofali yenye bati. Nililelewa kwa kabichi na karoti ambazo mama na baba walizilima na kuziteremsha mjini. Nikasomeshwa, nikawa mwalimu. Niliyaandika hayo, nikayasoma, nikaona hayana ladha. Nikampelekea mwalimu mwenzangu wa Kiingereza, ambaye alikuwa ameomba vyuo vya nje mara mbili na kukataliwa mara mbili, na kwa hiyo ofisi nzima ya walimu tulimhesabu kuwa mtaalamu.

Aliisoma amesimama. "Hapa hakuna machozi," akasema. "Wale watu wanasoma insha kutwa nzima mpaka macho yanauma. Wewe unawapelekea kabichi?"

"Sasa nidanganye?"

"Nani kasema udanganye? Chagua tu."

Nikachagua. Naomba mnielewe vizuri: sikuandika uongo hata mmoja, na uhodari wangu wote uko hapo. Niliandika kwamba nilisoma kwa mwanga wa moto wa jikoni. Ni kweli, wiki moja, kioo cha chemli kilipovunjika. Niliandika kwamba nilipanda mlima kwa miguu kwenda shule. Ni kweli, kama walivyopanda watoto wote wa kule, tukicheka njia nzima. Na sentensi ya kwanza, ile ambayo mwenzangu aliipigia meza makofi, ilisema hivi kwa Kiingereza: baba yangu hajawahi kumiliki hata hatua moja ya ardhi, na mpaka leo jembe lake linalima ardhi ya watu wengine.

Hiyo nayo ni kweli tupu. Sisi Waluguru ardhi ni ya ukoo wa mama. Mwanaume akioa, analima shamba la ukoo wa mkewe. Watoto ni wa ukoo huo, na mwenye sauti juu ya shamba ni mjomba. Baba yangu hana ardhi pale kijijini kama ambavyo baba za wenzangu hawana, na hakuna aliyewahi kuwaonea huruma kwa hilo. Hao "watu wengine" niliowataja ni mama yangu mzazi na dada zake. Lakini nani ng'ambo angejua? Msomaji aliona mzee kibarua, mgongo umepinda, anamlimia bwana mwenye shamba. Nilijua ataona hivyo. Nilitaka aone hivyo.

Wakanichukua, na ada wakalipa wao. Masomo yalipokwisha wakaniomba ruhusa ya kuweka insha yangu kwenye tovuti ya chuo, pamoja na picha, ili waombaji wapya wajifunze. Nilikubali kabla sijafika mwisho wa barua pepe yao. Kwenye picha nimevaa koti, natazama mbali kwa mawazo mazito. Mbele yangu palikuwa na ukuta.

Kule ng'ambo, katikati ya baridi, nilikuwa nimeota sana kipande kimoja cha shamba la ukoo, juu ya kijito, upande unaopata jua la asubuhi. Kilikuwa kimelala bila kulimwa tangu bibi alipofariki. Miaka kadhaa baada ya kurudi ndipo nikakiomba. Mtoto wa ukoo ana haki ya kuomba, na mjomba alisema mavuno yakipita watakaa. Nilikuwa nimeshachora ramani: nyumba ya vyumba viwili, baraza, kitalu cha stroberi. Naweza kusema bila aibu kwamba nilikitaka kipande hicho kuliko nilivyoitaka shahada.

Mavuno hayajapita akanijia dada yangu. Ni mtoto wa mama mdogo, anafundisha shule ya msingi kule kule kijijini, msichana mpole anayesikiliza mpaka mwisho. Alikuwa amepata wazo la kuomba programu ile ile niliyosoma mimi.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Karibu, kaa." Nikaegemea nyuma. Nilimpa muktadha wote niliokuwa nao. Alipouliza habari ya insha nikacheka cheko la mtu aliyefika. "Usijisumbue kubuni. Soma ya kwangu, iko kwenye tovuti, ufuate nyayo." Nikamtumia hapo hapo kwenye simu, pamoja na kale kakatuni ka uso kalikovaa miwani ya jua.

Hakujibu siku hiyo, wala wiki ile. Nikadhani amezidiwa na ubora.

Kumbe alikuwa amefanya jambo ambalo mimi, pamoja na mafunzo yangu yote ya utafiti, sikuwahi kulifikiria. Alikwenda kumuuliza mama yake kama ni kweli. Mama mdogo akamuuliza mama yangu. Mama yangu akapeleka swali kwa mjomba. Halafu mama akanipigia simu.

"Mjomba wako anakuita Jumamosi."

"Ni lile shamba?"

"Njoo tu, mwanangu."

Nilielewa nilivyotaka kuelewa. Nilinunua sukari, sabuni za mche na vitenge vya mama na dada zake. Nikavaa koti la mahafali. Bodaboda ilinifikisha mwisho wa barabara, nikapanda kilichobaki kwa miguu, jua kali, koti mwilini, nikifanya mazoezi ya hotuba ya shukrani kwa sauti. Akina mama waliokuwa wanateremka na ndizi kichwani walinipisha njia kwa adabu, kama mtu anavyompisha anayeongea peke yake.

Wote walikuwa uani kwa mama: mjomba kwenye kiti, mama na mama zangu wadogo wawili kwenye mkeka, dada yangu pembeni yao na simu mkononi. Baba alikuwa mbali kidogo, mlangoni mwa jiko, anapukuchua maharage. Kikao cha ardhi ni cha ukoo, na yeye ni mume wa mtu. Nikaamkia, nikatoa vitenge, vikapokelewa bila kufunguliwa. Hapo nilianza kuhisi koti linanibana.

Mjomba alikuwa katekista kwa miaka mingi, na anajua kuuliza swali ambalo jibu lake unalijua. "Kabla ya habari ya shamba," akasema, "mdogo wako atusomee kidogo."

Dada akasoma. Alisoma sentensi kwa Kiingereza, halafu akaitafsiri taratibu, bila kuongeza wala kupunguza, kama anavyosoma masomo ya misa. Sijawahi kusikia tafsiri safi kama ile, na niliichukia kila neno. Alipofika kwenye jembe la baba na ardhi ya watu wengine, mjomba akainua mkono.

"Hii umeandika wewe?"

"Ndiyo, mjomba."

"Watu wengine ni akina nani?"

Nikaanza kupangusa vumbi la koti. Mkubwa wa mama zangu wadogo akanisaidia. "Si ni sisi? Ni sisi hapa."

Mama hakuniangalia. Alikuwa anakunja pindo la khanga yake. "Kwa hiyo mimi ni mtu baki," akasema.

Nikajitetea. Ndiyo, nilijitetea, mwenye shahada ya uzamili. Nikasema si uongo, mwanaume aliyeoa kwetu hana ardhi, hiyo ndiyo mila, wote tunaijua.

"Sisi tunaijua," mjomba akasema. "Wao uliwaeleza?"

"Mjomba, palikuwa na nafasi ya maneno mia tano tu."

Mama zangu wadogo walicheka, lakini kile kicheko hakikuwa cha kunionea huruma. Kikakatwa na sauti kutoka mlangoni mwa jiko. "Mwacheni," baba alisema. "Alichoandika ni kweli. Mimi sina shamba." Hakuna aliyekuwa amemuuliza, na kwa desturi hakupaswa kusema. Akabeba ungo wake wa maharage akaingia ndani. Nimewahi kukataliwa, nimewahi kuchekwa, nimewahi kuanguka kwenye barafu mbele ya mkuu wa idara, lakini sijawahi kujisikia mdogo kama dakika ile.

Mjomba akatoa uamuzi. Habari ya shamba isingezungumzwa siku hiyo. Ningeandika upya, kwa Kiswahili, wote wasikie. Nikimaliza nije niwasomee, na wakiridhika ndipo watakaa kujadili ombi langu. "Chuo chako kilikupa maneno mia tano," akasema. "Sisi hatuhesabu. Wewe andika mpaka iwe sawa."

Kwa hiyo nawaambia wanaokuja kibarazani: kamati za vyuo vya ng'ambo ni watu laini sana. Ukitaka kuona kamati, nenda kaombe kwa wajomba zako.

Insha ya pili niliiandika Mafiga, mezani, kwa siku tatu. Niliijaza elimu. Niliandika mfumo wa umiliki wa ardhi kupitia nasaba ya uzazi wa kike na uhusiano wake na uchumi wa kaya. Niliwasomea uani Jumamosi iliyofuata kwa sauti ya mhadhara. Mama mdogo mmoja alisinzia waziwazi. Nilipomaliza mjomba aliuliza, "Humo ndani baba yako yuko wapi?" Nikapekua kurasa. Alikuwemo mara moja, chini ya jina la "mwenza wa kiume". Nikarudishwa.

Ya tatu nikaenda upande wa pili. Baba aliamka kabla ya jogoo, alipanda mlima akiimba, hakulalamika hata siku moja, mikono yake ililisha kijiji. Nilisimama kila mwisho wa sentensi ili izame. Mama alisubiri nimalize, kisha akauliza, "Huyu ni nani?"

"Ni baba, mama."

"Baba yako yupi? Wangu haimbi. Na huo uamkaji wa kabla ya jogoo, mimi ndiye ninayemwamsha, kwa kumvuta mguu." Safari hii walicheka kweli, hata mjomba, na mimi nikateremka mlima na makaratasi yangu kwapani. Dada yangu alinisindikiza mpaka kwenye kona. Aliniambia kwa upole kwamba yeye insha yake ameshaituma. Nikamuuliza ameandika nini. Ameandika kwamba siku za gulio nusu ya darasa lake haiji, watoto wanateremsha mboga na wazazi, na kwamba alihamisha hesabu za kujumlisha na kutoa akawafundisha alfajiri kabla hawajabeba mizigo. Kabla ya kuituma aliwasomea wazazi hao hao kwenye jumuiya yao ya sala, wakamsahihisha mahali pawili. Hapakuwa na machozi hata tone. Nilitaka kumshauri aongeze, nikaumeza ulimi wangu. Bado anasubiri majibu, na sijui watasemaje, lakini ile ndiyo insha ningeipigia meza makofi leo.

Katikati ya hayo niliandika chuoni nikiomba waiondoe ile ya kwangu. Walijibu vizuri sana. Walinishukuru kwa unyenyekevu wangu na kunihakikishia kwamba hadithi ya baba inaendelea kuwagusa waombaji wengi. Niliandika tena, sikujibiwa. Iko hewani mpaka leo, na mimi bado nautazama ule ukuta.

Ya nne ilinishinda kuianza. Sikuwa na cha kuandika, na ndipo nilipogundua sababu. Kwa ajili ya tasnifu yangu niliwahoji watu wazima kadhaa nisiowajua, kila mmoja saa nzima, kwa kinasa sauti, nikaandika kila kikohozi chao. Baba yangu sikuwahi kumuuliza swali hata moja refu kuliko "umeamkaje".

Nikapanda Ijumaa mchana, bila koti. Nilimkuta shambani anarudishia mawe kwenye ukingo uliobomoka na mvua. Kule kwetu mlima umesimama sana, kwa hiyo tunakata ardhi ngazi kwa ngazi ili udongo usikimbie. Nikashika mawe na mimi, tukafanya kazi kimya mpaka aliponiambia mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba ngazi ile tuliyosimama juu yake aliichimba yeye, wakati mama ana mimba yangu. Basi nikauliza iliyo juu yake. Ile ilikuwa ya mwaka ambao mvua ilichukua kila kitu, wakaanza upya. Na ile pale? Ile alichimba nilipofaulu kwenda sekondari, ili iongezeke karoti. Tulipanda hivyo hivyo, ngazi moja baada ya nyingine, akinionyesha kwa kidole, na kumbe shamba lote nililokuwa nalitazama tangu utotoni nikidhani limeumbwa na Mungu hivyo, lilikuwa limechimbwa na mtu huyu.

Nikamwomba msamaha. Sikujua kuyapamba maneno, nikasema tu, "Baba, nisamehe kwa ile insha." Akaendelea kupanga mawe. Baadaye akasema, "Ilikupeleka shule." Sikujua kama hiyo ni ndiyo au hapana, na niliogopa kuuliza.

Niliandika usiku huo huo, pale pale nyumbani kwa mama, ukurasa mmoja na nusu. Niliandika ngazi zilivyochimbwa, ipi mwaka gani, na nani alikuwa amezaliwa. Niliandika kwamba ardhi ni ya ukoo wa mama na jasho ni la baba, na kwamba mimi nilisoma kwa vyote viwili, nikaenda kwa watu nikavificha vyote viwili. Asubuhi nikawasomea. Baba alikuwa pale pale mlangoni mwa jiko. Nilipomaliza hakuna aliyesinzia na hakuna aliyecheka. Mjomba akasema, "Shemeji, njoo hapa karibu. Alivyosema ndivyo?"

Baba aliweka ungo chini, akasogea mpaka ukingoni mwa mkeka. "Kasoro moja," akasema. "Ile ya juu kabisa sikuchimba peke yangu. Tulichimba na mama yake." Mama akaitikia kwa kichwa. Mjomba akanipa kalamu, nikasahihisha mbele yao.

Halafu wakubwa wa ukoo wakaingia ndani kushauriana, nasi tuliobaki uani tukasubiri. Walikaa sana. Nilikuwa nimeshaanza tena kuipanga ile nyumba ya vyumba viwili kichwani, dirisha litazame wapi. Walipotoka, mjomba hakukaa.

"Tumeridhika," akasema. "Lakini kuna jambo lililotunyima usingizi tangu ile siku ya kwanza. Tulikukasirikia kwa sababu ulitusema kwa watu. Halafu tukajiuliza, je, ni uongo? Mtu amechimba mlima mzima huu, na ni kweli hana hata hatua moja. Ni mila yetu na hatuiachi. Ila hata sisi wenyewe, miaka yote hii, hatukuwahi kumuuliza." Akamgeukia baba. "Kile kipande cha juu ya kijito tumekupa wewe, shemeji. Ulime unachotaka, siku zako zote. Siku zikiisha kitarudi kwa ukoo." Ndipo akanikumbuka mimi. "Wewe utasubiri kingine. Bado una nguvu."

Nikiri hapa, kwa kuwa nimeshakiri mengi: kitu cha kwanza nilichokisikia moyoni hakikuwa furaha. Ilikuwa hasira ya mtu aliyerukwa kwenye foleni. Baraza langu, stroberi zangu! Nilimtazama baba nikitegemea atakataa, kwa sababu baba hukataa kila kitu mara ya kwanza, hata chai. Hakukataa. Alisema, "Ahsanteni," kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, na hasira yangu ikaisha yenyewe, nikabaki naona aibu kwamba iliwahi kuwepo.

Tukateremka wote kwenda kukiona. Baba alitangulia. Alizunguka kipande kile mpakani, taratibu, akiinama hapa na pale kung'oa jani ambalo halikuwa na kosa. Mama akasimama nje ya mpaka, hakuingia.

"Haya," akamwambia, "utapanda nini?"

Baba akatazama udongo, kisha kijito, kisha akamtazama mama kana kwamba jibu liko kwake kama siku zote. Mama hakumsaidia.

"Sijui," akasema. "Sijawahi kuulizwa."

Tukasimama pale, ukoo mzima, tukamngoja afikiri.